Nyegere Aliyetaka Kuijua Asali

Paukwa!

Pakawa.

Nyie wa nyuma, mmeitika au mnatafuna? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo kale, kale ya kale, Nyegere alimchumbia Binti Fungo. Wakwe wakamwambia, "Lete kibuyu cha asali kabla jua halijazama. Hakuna asali, hakuna mke."

Kazi nyepesi kwa Nyegere, mla asali mashuhuri. Ila alikuwa ametoka kusoma kwa Bundi elimu ya kujua, na kichwa kilimjaa kama pipa la mvua.

Akaja Mlembe, ndege anayewaongoza wenziwe kwenye asali, naye huachiwa kipande cha sega. "Kaka Nyegere, nifuate. Mkuyuni kuna asali."

"Umejuaje?"

"Nimeona nyuki wakiingia."

"Kuona nyuki si kuona asali. Umedhani tu, ndugu yangu."

Mlembe akaruka, akarudi na nta mdomoni. "Haya, tazama."

"Nta ni nta. Huenda asali imeshaliwa."

Mlembe akaruka tena, akarudi mdomo unachuruzika asali. "Onja basi, bwana harusi."

Nyegere akaramba. Tamu! Tumbo likanguruma, akalikemea: "Nyamaza, wewe hukusoma." Kisha akamgeukia Mlembe. "Hii ni asali iliyotoka. Iliyobaki, shahidi wake nani?"

Mlembe akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe kusoma nako kuna homa yake." Akaenda zake kumwita Kicheche, ambaye naye alimtaka Binti Fungo.

Kicheche hakuuliza kitu. Alifuata, akapanda, akaumwa pua, akajaza kibuyu, akamwachia Mlembe sega lake, huyo mbio kwa wakwe.

Nyegere akabaki kivulini anatafakari, anatafakari, mpaka akathibitisha kwamba asali ipo. Akaenda mkuyuni, akakuta nyuki na hasira zao. Akakimbilia ukweni uso umevimba kama andazi. Huko ngoma inalia, Kicheche katikati, kilemba kichwani.

"Binti Fungo," akasema, "nilikuwa najiridhisha."

"Nami nimejiridhisha," bibi harusi akamjibu. "Kwa Bundi sijafika, lakini hili nalijua: watoto wangelia njaa, nawe ungeuliza kama kilio ni ushahidi."

Basi, wasikilizaji wangu, kuuliza ni akili. Lakini anayetaka kujua yote kabla ya kunyanyua mguu, mwisho hujua moja tu: kwamba amechelewa.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake chukueni mkale. Chungu yake niachieni, nitampelekea Nyegere.