Mayai ya Kware Dirishani kwa Fundi

Tap. Kisha tap nyingine, kama vifungo vya koti vinavyodondoka mezani. Fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa ukali wa ulimi na wepesi wa mikono, aliisimamisha mashine akatega sikio. Hakuna kifungo kilichokatika. Aligeukia dirishani, na moyo ukamlipuka: mmea wa mdogo wake ulikuwa ukipukutisha majani.

Haukuwa mmea wa kuokotwa njiani. Kimo chake hakikuzidi kidole cha kati. Majani yalikuwa manene, yamejaa maji kama mashavu ya mtoto aliyeshiba, kijani cha kijivu chenye madoadoa ya zambarau. Ungeapa ni mayai ya kware yaliyopangwa kwenye kijiti. Asili yake ni milima mikavu ya mawe, ambako mvua ni mgeni asiyelala. Mdogo wake, mwanafunzi wa chuo cha kilimo, aliulea miaka minne, na ndio aliokusudia kuusimamisha mbele ya watahini wake wa mwisho. Alipokwenda mazoezini kwa miezi mitatu, alimkabidhi Sindano, dada yake, mmea huo na kumsihi asiuonee huruma kupita kiasi.

Sindano aliitikia kwa kichwa, masikio yakabaki kwenye cherehani. Siku hiyohiyo aliutoa katika chungu chake kikuukuu, akautia kwenye kopo zuri la vifungo lisilo na tundu hata moja. Tena kila aliponyunyizia nguo maji kabla ya kuipiga pasi, aliugeukia na kuupa sehemu yake. Nguo ishirini kwa siku, minyunyizo ishirini. Alijiona mlezi hodari asiye na mfano.

Fundi saa wa mlango wa pili alikuja, akaung'oa taratibu. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka.

"Dada, huu hukuumwagilia," alisema. "Umeuzamisha."

Akauliza kama alikuwa akiupiga na pasi pia. Halafu, kwa nia njema, akamshauri atafute mwingine unaofanana na huo na kufyata ulimi. Madoa ni madoa, nani atayahesabu? Sindano aliwaka kama kifuu.

"Mdogo wangu anayajua madoa haya kama anavyoijua sura yangu. Kuua mmea wake, nimeuua. Kumdanganya, sitamdanganya."

Majani kumi na moja yalikuwa bado mazima. Alishindwa kuyatupa. Akayalaza juu ya karatasi ya kukatia mitindo, mbali na chupa ya maji, si kwa maarifa bali kwa hasira: hakuuamini tena mkono wake.

Wiki ya tatu alihitaji karatasi ile akate kola. Aliivuta, majani yakateleza, lakini moja likagoma. Aliinama. Chini ya jani palikuwa na mizizi ya rangi ya waridi, myembamba kuliko uzi wa hariri, imeing'ang'ania karatasi kwa ukaidi wote wa dunia. Sindano alipiga kigelegele hadi fundi saa akaja mbio, kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni. Wakayageuza moja moja, wakisukumana vichwa kama watoto. Saba yalikuwa yameota bila tone la maji!

Kuanzia hapo alijua. Alilitoboa kopo kwa msumari, akalijaza mchanga wa chenga na kokoto, udongo kiduchu, akayapanda humo yale saba. Jua la asubuhi, basi. Maji aliyatoa pale tu jani lilipokunjamana kama shati lisilopigwa pasi. Hapo aliyamwaga yakapita hadi chini, kisha akaondoka. Na kwa kuwa mkono ulimwasha, chupa aliiweka kwa fundi saa, ambaye hakuitoa kabla ya kuuliza ni nguo gani hasa inayotaka kunyunyiziwa.

Mdogo wake alirudi, hata mkoba hajautua, akaulizia mmea wake. Sindano alisema yote: kopo, chupa, mizizi iliyooza. Machozi yakamlenga binti. Ndipo Sindano akamsogezea yale saba. Kwenye kitako cha kila jani palikuwa na machipukizi, na juu ya machipukizi, madogo kama ncha ya kalamu, madoa ya zambarau.

Binti aliinama, akayagusa madoa kwa ncha ya kidole. Kicheko kikamtoka katikati ya machozi.

"Watahini wa kesho kutwa watataka kujua mmea ulioza vipi na haya yameota vipi. Mimi sikuwepo, dada. Nitawaambia nini?"

Sindano, aliyezoea kuwasuta wengine, alihisi uso ukimchoma. Akamshika mkono.

"Nakuahidi, mdogo wangu: kesho kutwa nitasimama nawe mbele yao, niseme kwa kinywa changu nilivyouzamisha na nilivyojifunza kuuacha. Wakicheka, wacheke. Kupotea njia ndiko kujua njia."