Digidigi na Ramani ya Majivu

Hapo zamani za kale, wanangu, fisi walivamia Bonde la Mkunguni. Wakubwa wa bonde, Nyati na Kifaru, wakatimua mbio hadi kilimani, wakawa wageni wa Twiga. Bi Digidigi naye alifika huko akihema. Watoto wake wawili alikuwa amewaficha pangoni kule kule bondeni.

Kila asubuhi Nyati na Kifaru walimwaga majivu uani kwa Twiga, wakachora ramani.

"Vita vikiisha, mto wote wangu!" alisema Nyati.

"Thubutu! Mpaka wangu unapita hapa!" Kifaru akakwaruza kwa pembe, kwaruu!

"Wakubwa zangu," Digidigi aliuliza, "watoto wangu wako pangoni. Tunarudi lini?"

"Subiri wewe! Kwanza tukubaliane mipaka."

Miezi mitatu ikapita. Digidigi hakutulia. Akitafuna majani mawili, anasimama. Akitazama bondeni, anazunguka uani. Wanakula nini watoto wale? Siku moja upepo ukaleta vicheko vya fisi kutoka upande wa pango. Moyo ukamdunda, du! du! du!

Mchana ule Kifaru alikuwa kalala nyuma ya nyumba. Digidigi akamkimbilia Nyati.

"Baba Nyati! Umekaa tu? Kifaru ameshuka mtoni kupigilia vigingi vya mpaka!"

"Nini? Bila mimi?" Nyati akaporomoka mteremkoni, vumbi tifu!

Digidigi akageuka mbio, akamwamsha Kifaru.

"Mzee, amka! Unaliona lile vumbi? Ni Nyati, anakwenda kujikatia mto!"

"Mwizi huyo!" Kifaru akafyatuka, ardhi ikatetemeka.

Bondeni fisi wakaona vumbi limefunika kilima kizima.

"Jamani, jeshi!" Wakatawanyika, hakuna aliyeangalia nyuma.

Nyati na Kifaru wakakutana mtoni, pembe kwa pembe.

"Viko wapi vigingi vyako?"

"Vyangu? Si wewe uliyekuja kujikatia mto?"

Wakageuka. Digidigi, aliyeshuka nyuma yao, alikuwa mlangoni mwa pango hapo karibu, anawalamba wanawe. Walikonda, lakini wazima.

"Umetudanganya!" alifoka Nyati.

"Ndiyo, baba zangu. Ukweli niliwaambia kila siku, hamkuinuka."

Wakubwa wale wakainamisha vichwa, wakanywa maji bega kwa bega.

Basi wanangu, anayegombea mipaka ya nchi ambayo hajaikomboa huwaacha watu wake midomoni mwa adui.