Mikono ya Shemeji

Soma hadi mwisho ndipo umtumie mwingine. Wengi wakifika katikati huanza kumtetea asiyestahili kutetewa, halafu wanatuma sauti ndefu kwenye kundi kutueleza kwamba nia yake ilikuwa njema. Nia njema tunaijua. Tumeishi nayo nyumba moja.

Katika mji mmoja wa reli huko bara alikuwepo mwanamke aitwaye Nyamizi, mpishi katika shule ya bweni. Kazi yake ilikuwa kusonga ugali wa wanafunzi wote, kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Miaka ya kusonga ilikuwa imempa mabega mapana, hata magauni ya dukani yakawa hayamtoshi. Waliomcheka walimcheka kwa mbali.

Nyamizi alipenda kunyanyua vyuma. Hakutaka kupunguza tumbo wala kupiga picha. Alipenda ule mchezo wa kulala chali kwenye benchi, ukakishusha chuma mpaka kifuani, kikatulia, kisha ukakisukuma juu mpaka mikono inyooke. Alisema hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo hakuna anayemuuliza chumvi iko wapi.

Jimu alikofanyia mazoezi ilikuwa banda la mabati nyuma ya gereji, na vyuma vyake vilikuwa gia za matrekta mabovu. Mwenye jimu aliitwa Mabula, kaka wa mume wa Nyamizi. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mtu wa kukununulia soda hata hujakaa. Mji mzima ulimpenda, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli.

Sasa sikiliza. Katika mchezo huu lazima mtu asimame kichwani pako, ili ukishindwa adake chuma kisije kikakuangukia shingoni. Wao humwita mlinzi. Kazi ya mlinzi ni kungoja. Basi, hana kazi nyingine. Lakini Mabula hakujua kungoja. Nyamizi akianza tu kusukuma, vidole vya shemeji yake vilishafika chini ya chuma, vinavuta.

"Toa mikono, shemeji," Nyamizi alisema kwa taabu akiwa pale chini.

"Sijagusa! Nimeweka tu."

"Umeweka wapi?"

"Hapo hapo. Kwa usalama wako."

Chuma kikifika juu, Mabula aliwageukia wanaume waliokuwa wamekaa juu ya matairi na kupaza sauti: "Tumeinua!"

Tumeinua! Mtu kalala chini, mishipa imemtoka shingoni, jasho linamwingia machoni, halafu aliyechangia vidole viwili anasema tumeinua. Na wale wa kwenye matairi walipiga makofi, wakampongeza Mabula kwa kumfundisha shemeji yake vizuri. Kama hujakasirika hapa, rudi juu usome upya.

Tena usidhani ndivyo alivyofanya kwa kila mtu. Mwanamume akilala kwenye benchi ile ile, Mabula alifunga mikono kifuani na kuendelea kuzungumza habari za mpira. Mwanamume aliachiwa atetemeke, agugumie, apambane mpaka mwisho. Huo uliitwa mazoezi.

Wanawake wa mtaa ule walikuwa wakimuuliza Nyamizi kama na wao wangeweza kujaribu. Kulikuwa na muuza nyanya, kulikuwa na fundi cherehani mwenye maumivu ya mgongo, na wengine kadhaa. Hawakutaka kulala chali mbele ya wanaume wa kwenye matairi, na nani angewalaumu? Basi Nyamizi akaenda kwa Mabula kuomba ufunguo wa banda kwa muda wa saa moja kila asubuhi, awasimamie wenzake mwenyewe.

Mabula akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma Nyamizi.

"Shemeji yangu, nitawaachiaje wanawake peke yao na vyuma? Wewe mwenyewe bado nakushikia."

"Unanishikia kwa sababu hutaki kuacha."

"Haya, tufanye hivi," Mabula akasema, akiangalia kama wenzake wanasikia. "Kuna mashindano yanakuja pale ukumbi wa parokia, ya sisi tunaonyanyua kwa kupenda tu. Nyanyua mbele ya watu bila kushikiwa. Ukiweza, saa ya asubuhi ni yenu, na ufunguo nakupa mkononi."

Alilisema mbele ya mashahidi, kwa hiyo lilikuwa limeshasemwa.

Nyamizi akaanza mazoezi ya kweli. Na kila alipolala kwenye benchi, vidole vile viwili navyo vilikuja. Alimwomba Mabula kwa heshima. Akagombana naye bila heshima. Akamshitakia mume wake, naye bila kuinua macho kwenye sahani akajibu, "Si anakuonea huruma tu, mama?" Siku moja Nyamizi alikwenda jimu wakati Mabula yuko kwenye chakula, akafunga kamba mbili nene kwenye mwamba wa paa zining'inie pande zote za benchi. Akishindwa, kamba zingekidaka chuma kabla hakijamfikia. Alifurahi siku ile kuliko siku zote.

Kesho yake kamba hazikuwepo.

"Nimezitoa," Mabula alisema. "Sikupata usingizi nikikufikiria. Kamba si za kuamini, shemeji. Niamini mimi."

Hili ndilo lililomuuma Nyamizi kuliko yote. Hakuwa akijua nguvu zake zinaishia wapi. Alikuwa na mikono yake mwenyewe begani mwake na hakuijua, kwa sababu kila alipotaka kuipima, mtu mwingine alikuwa ameshaingiza ya kwake.

Siku ya mashindano ikafika. Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Kwa upande wa wanawake, aliyekuwa akizungumziwa zaidi ni Dafroza, mfyatua matofali kutoka mji jirani. Alikuwa mkavu wa maneno. Nyamizi alipomsalimia, alijibu salamu, akaendelea kujifunga vitambaa viganjani.

Refa, mama mmoja wa makamo mwenye filimbi shingoni, alisoma kanuni. Kila mmoja ana zamu tatu, na atakayenyanyua uzito mkubwa kuliko wote ndiye mshindi. Chuma kitulie kifuani, refa aseme "Sukuma!", kisha kisukumwe juu mpaka mikono inyooke: bendera nyeupe, zamu imekubaliwa. Mnyanyuaji anachagua mlinzi wake. Mlinzi akigusa kabla mnyanyuaji hajashindwa, bendera nyekundu, zamu imeharibika.

"Umesikia, shemeji?" Nyamizi akauliza.

"Leo sigusi," Mabula akasema. "Haki ya mama yangu."

Dafroza aliomba chuma chepesi kidogo, kwa hiyo alitangulia katika kila zamu. Nyamizi aliomba kila mara kilo tano zaidi yake. Uzito ule aliuchagua kwa kukisia tu, kwa sababu hakuwahi kupewa nafasi ya kujua.

Zamu ya kwanza. Chuma kikashuka, kikatulia. "Sukuma!" Kikaanza kupanda, kikapita nusu ya safari, kinakwenda taratibu lakini kinakwenda. Mabula akakishika.

Bendera nyekundu.

"Kilikuwa kinayumba!" Mabula akalalamika. "Nyinyi hamkuona?"

Zamu ya pili Mabula alianza mikono ikiwa nyuma, watu wote wakamwona. Nyamizi akashusha, akasukuma. Chuma kilikuwa kimebakiza kidogo kabisa kufika, kidogo ambacho hata mtu wa dirishani alikiona, ndipo mikono ile ikatoka huko nyuma na kukidaka. Bendera nyekundu ikapanda tena.

"Jamani!" Mabula akaugeukia ukumbi, mikono wazi. "Huyu ni mke wa ndugu yangu! Nimwache afe?"

Na ukumbi ukampigia makofi. Ndiyo, makofi, ya kumpongeza yeye! Mwanamke ameharibiwa zamu mbili mbele ya macho yao, wao wanamshangilia mharibifu kwa moyo wake mzuri. Mama mmoja alisikika akisema, "Heri ningepata shemeji kama huyo."

Nyamizi aliketi kwenye ukingo wa benchi. Alitaka kulia, na alijua kwamba akilia watasema amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa na hasira ya kuweza kuling'oa lile benchi sakafuni. Alikuwa amebakiza zamu moja, na nyuma ya zamu hiyo kulikuwa na wanawake wa mtaa mzima waliokuwa wakimsubiri awaletee ufunguo.

Wakati huo Dafroza alikuwa ameshamaliza zamu zake zote. Zote zilikubaliwa, na ndiye aliyekuwa akiongoza. Kombe lilikuwa mezani, na zaidi ya Nyamizi hapakuwa na wa kumnyang'anya.

Nyamizi akainuka, akamwendea refa.

"Mama, ninaruhusiwa kubadilisha mlinzi?"

"Unaruhusiwa. Mchague yeyote umtakaye."

"Basi namtaka yule pale."

Akamwonyesha Dafroza.

Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Mabula akaruka mbele. "Umechanganyikiwa, shemeji? Huyo ndiye mpinzani wako! Akigusa kwa kidole kimoja tu, kombe lake!"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye mtu pekee humu ndani asiye na hamu ya kunisaidia."

Dafroza alibaki amekaa kwa muda, kama mtu anayesubiri kuambiwa ni utani. Kisha akafungua vitambaa vyake viganjani, akaja kusimama kichwani pa benchi. Akainama na kusema kwa sauti ya chini:

"Ukishindwa nitakidaka. Usiposhindwa sikigusi. Nimetoka kwetu kuja kushindana na wewe, sikuja kushindana na shemeji yako."

Nyamizi akalala. Akakishusha chuma, kikatulia kifuani.

"Sukuma!"

Akasukuma. Chuma kikapanda, kikafika katikati, kikasimama. Miguu ya Nyamizi ikaanza kutetemeka. Uso ukabadilika.

"Mshike!" mtu akapiga kelele. "Mshike, ataumia!" Ukumbi mzima ukaitikia, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mabula, ambaye watu wawili walilazimika kumzuia.

Viganja vya Dafroza vilikuwa wazi chini ya chuma, karibu kabisa. Hapakuwa na mtu katika ukumbi ule ambaye angemlaumu kama angekishika. Wangemwita mwenye huruma, na kombe angeondoka nalo. Nyamizi aliviona viganja vile kwa chini, akaona vinamngoja.

"Bado," Dafroza akasema. "Bado hujashindwa."

Kwa mara ya kwanza Nyamizi alifika mahali ambapo siku zote alikuwa akikatishwa. Alikuta kwamba nyuma ya mahali hapo kulikuwa na nguvu nyingine, nyingi tu, ambazo hazijawahi kutumika. Chuma kikasogea. Kikasogea tena. Mikono ikanyooka.

Bendera ikapanda, nyeupe.

Dafroza alilitazama kombe likienda kwa mwingine, akasonya kwa nguvu hadi watu wa mbele wakageuka. Kisha akampa Nyamizi mkono, akamvuta akakaa.

"Mwakani nakuja tena," akasema. "Na ole wako unichague."

Mabula akaja macho yakiwa na machozi. "Shemeji, niliogopa. Niliogopa sana utaumia."

Nyamizi alikuwa bado anahema. "Uliogopa nitaumia," akamuuliza, "au uliogopa nitaweza?"

Mabula akatia mkono mfukoni. Ufunguo alitoa, kwa kuwa mashahidi walikuwepo. Samahani hajaitoa mpaka leo.

Sasa hapa ndipo wengi hudhani hadithi imekwisha. Bado.

Asubuhi ya kwanza ya wanawake, wa kwanza kulala kwenye benchi alikuwa Kashindye, yule muuza nyanya, mwembamba, mwenye aibu. Nyamizi alimwekea uzito mdogo, akasimama kichwani pake. Kashindye akashusha chuma, akasukuma, kikakwama katikati. Mikono yake ikatetemeka, akatoa sauti ya mtu anayekabwa.

Na Nyamizi, yeye yule aliyegombana, aliyefunga kamba kwenye paa, aliyemwita mpinzani wake mbele ya ukumbi mzima, akakuta vidole vyake viwili viko chini ya chuma, vinavuta.

Kashindye akakirudisha chuma mahali pake. Akainuka akaketi. Ile aibu yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Nani amekuita?" akauliza.

Fundi cherehani akaangalia chini. Nyamizi, maneno yakamjia yenyewe, yamejipanga tayari: nilidhani unaumia, nilitaka tu kukusaidia, ni kwa usalama wako. Akayajua ni ya nani.

"Hakuna aliyeniita," akasema. "Nimekosa, dada. Nisamehe. Lala tena."

Kashindye alimkazia macho kwanza. Kisha akalala, akakishusha chuma, na kikakwama pale pale. Safari hii Nyamizi alingoja.

Funzo: Kumsaidia mtu ambaye hajaomba, katika jambo analoliweza, ni kumwibia jambo hilo. Simama karibu, weka mikono tayari, umwache abebe cha kwake. Na ukijikuta umegusa, ondoa mkono na uombe radhi.