Kadi Mikononi mwa Aluoch

Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea, yaani umshukuye mkabidhi kilicho chako akutunzie. Anena alidhani ni maneno ya kuchekesha tu, mpaka siku ya mtihani wa Kiingereza wa kampuni moja ya bima huko Nakasero.

Nafasi ya ukarani ilikuwa moja. Anena aliitaka kufa na kupona, kwani baba yake, koplo wa polisi, alikuwa amefariki, na kota za polisi za Nakawa walimoishi ni za walio kazini. Kila jioni alijifunza sarufi na Aluoch, Mkenya aliyeuza vipuri Kisenyi na aliyeitaka nafasi hiyo hiyo. Walitungiana maswali, kisha wakasahihishana. Kalamu nyekundu ya Aluoch haikuwa na huruma. Hata majibu ambayo Anena angeyaapia, ilisema ni makosa.

"Ananipoteza makusudi," Anena alimlalamikia mama yake, Aryemo, aliyekuwa akisonga ugali wa posho jikoni.

Aryemo hakuacha mwiko. "Bati letu linavuja. Mpe kadi yako ya kuingilia mtihani akutunzie, isilowe."

"Huyo huyo, mama?"

"Huyo huyo. Majirani wote wanajua unamshuku. Ikipotea, ataficha wapi uso?"

Anena alitii shingo upande. Asubuhi ya mtihani mvua ilinyesha, watahiniwa wakaingia wote, Aluoch asionekane. Anena alimlaani kimoyomoyo, akamlaani kidogo na mama yake aliyemshauri. Askari alianza kuvuta lango.

Ndipo Aluoch alipotokea mbio, kiatu mkononi, kadi zote mbili amezifunga kwenye nailoni kifuani. Pikipiki ya boda aliyopanda ilikuwa imezama kwenye maji ya barabarani.

"Shika mzigo wako," alisema akihema. "Umeninyima usingizi. Yangu ingepotea, ningelia peke yangu. Yako ingepotea, watu wangesema ni Aluoch. Mimi nataka kukushinda, lakini huko ndani."

Anena aliona aibu hadi machozi yakamlenga. Ndani alikuta maswali ya namna ile ile ya jioni zao, akayajibu kama kalamu nyekundu ilivyomfunza, bila kubishana nayo tena.

Kazi aliipata Anena. Aluoch alipokuja kumpongeza, bado amenuna, Aryemo alimpakulia yeye kwanza, tena nyama iliyonona. Kweli, mchawi mpe mwana kulea.