Mseto wa Harusi ya Chiku

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa! Walio nyuma sijawasikia!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa ngoma, palikuwa na binti Digidigi, jina lake Chiku. Chiku akapata mchumba. Kupika akapewa jirani yao, Bi Tumbili. Kwa chungu hakuwa na mpinzani.

Lakini Bi Tumbili alikuwa na jipu kidoleni. Limeiva, linatoa usaha. Nguchiro mganga akaliona.

"Shoga, lifunge hilo jipu. Mwachie mwingine chungu."

"Nimwachie nani? Nani anajua mseto kama mimi?"

Akapika mseto wa choroko na nazi. Ulipopoa, akauponda kwa mkono uleule, pwa! pwa! Akaufunika, ukalala jikoni kwenye joto.

Wadudu wasioonekana kwa macho wakatoka kwenye jipu, wakaingia msetoni. Wakala, wakazaana, wakatema sumu. Tfu! Tfu! Tfu!

Asubuhi Nguchiro akaja tena. "Shoga, mseto huo umelala. Umwage."

Bi Tumbili akanusa. Mseto wanukia nazi tupu. "Nitauchemsha. Mdudu gani atapona motoni?"

Tokota, tokota, tokota! Wadudu wakafa wote.

Wageni wakala. Chiku akala kuwapita wote. Jua halijafika utosini, akashika tumbo.

"Mama, nakufa!"

Akatapika. Bwana harusi akatapika. Wapiga ngoma wakazitupa ngoma, wakakimbilia vichakani. Chiku akaanguka, macho yamezama, miguu ya baridi.

Bi Tumbili akaangua kilio. "Jamani, nilichemsha mimi! Nilichemsha!"

"Wadudu umewaua," akasema Nguchiro. "Sumu waliyoitema imebaki. Sumu yao haijali moto. Sasa acha kulia, lete maji safi, sukari, na chumvi kidogo."

Wakamnywesha Chiku funda kwa funda. Akitapika, wanangoja. Wanamnywesha tena. Jua likaanza kushuka. Chiku akafumbua macho.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Yuko kichakani, mwanangu," akajibu mama yake.

Kila mtu akacheka, hata waliojishika matumbo. Bi Tumbili hakucheka. Alichukua jembe, akaufukia mseto wote, akafunga kidole chake kwa kitambaa safi. Mwiko akampa mwenzake mpaka jipu lilipopona.

Basi wanangu, nanyi watu wazima: mwenye kidonda mkononi asishike chakula cha watu. Na chakula kilicholala kwenye joto msiutegemee moto ukisafishe. Moto huua mdudu. Sumu aliyokwisha kuitema huiacha.

Hadithi yangu naitua hapa. Inukeni mkanawe mikono, chakula ki tayari.