Afande Fisi Ajifunza Upole

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kituo, kituo kina mlango, mlango una kufuli kubwa kuliko akili ya mwenye funguo.

Haya, tulieni. Mwenye funguo ni Afande Fisi. Kamkamata Digidigi, mtoto wa mtaani. Kosa lake? Alikimbia. Mbona alikimbia? Alikimbizwa. Kesi kwisha, ndani, jioni awe kitoweo.

Na Fisi ndo katoka semina. Kafundishwa kwamba vijana wamepigwa sana, wana vidonda moyoni, usiwatishe. Uliza kwa upole, "Mwanangu, umepitia nini?" Akiacha kuogopa, atakwambia yote. Katika yote hayo, Fisi alishika hilo la mwisho.

Mara akaingia Kalunguyeye, rafiki wa Digidigi, mdogo kama embe, miiba mwili mzima.

"Shikamoo afande. Mi najua digidigi wote wanapolala. Ila naogopa." Fyuu, akajikunja mpira.

Fisi mate yakamtoka. "Waogopa nini, mwanangu?"

"Kirungu."

Fisi akaweka kirungu chini. Ko. "Haya sema."

"Naogopa buti." Fyuu, mpira.

Fisi akavua buti. Pu, pu. "Haya sema, mwanangu."

"Naogopa mkanda. Baba alikuwa nao kama huo."

Hapo hakudanganya.

Fisi akavua mkanda, na funguo zinazoning'inia humo humo. Chwachacha. "Haya sema, mwanangu mpenzi."

"Naogopa macho, afande. Yananiangalia kama nyama."

"Nayafumba."

Akafumba. Akangoja. Akasikia kacha, akajua ni moyo wa mtoto unafunguka. Semina ilisema huwa unafunguka.

Kufumbua, mlango wa mahabusu wazi, Digidigi huyooo anakata mtaa. Fisi akachomoka mbio. Suruali bila mkanda ikashuka magotini. Puu, pua kwenye vumbi, soko zima linatazama.

Kalunguyeye akasimama mbali kidogo, funguo mkononi. Akachuchumaa, asimtishe. Sauti laini kabisa.

"Pole, afande. Umepitia nini?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, yeye hachagui.

Na funzo, maana bila funzo mtasema nimewapotezea muda: watoto, askari akikuita mwanangu, nenda, usikimbie. Mkiniona mimi nakimbia, ni mazoezi tu.