Pimbi na Mashua ya Mtumba

Paukwa!
— Pakawa!
Nasema paukwa, na nyie wa nyuma mnaotafuna miwa!
— Pakawaaa!
Palikuwa na nini?
— Na mashua!
Ya nani?
— Ya kuuza!
Nzima?
— Tutaijulia majini!

Haya, sogeeni. Palikuwa na Pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe, asiye na mkia hata wa kusingizia. Alikaa kwenye jiwe kubwa na mke wake, Mama Segu, na watoto wao watatu. Kwanza walikuwa wanne. Kisha Tai akahamia juu ya jiwe lile, na Tai, jamani, si jirani. Siku moja alishuka, fyuuu! akapaa na mtoto mmoja. Mama Segu alilia mpaka sauti ikakauka. Tangu hapo watoto hawakutoka tena kuota jua, na pimbi asiyeota jua anaishi maisha gani?

"Mama Segu," akasema Pimbi, "katikati ya ziwa kuna kisiwa. Mawe tele, tai hakuna. Tuhame."

"Tutafikaje, Baba Segu? Kwa kuogelea?"

"Tutanunua mashua."

Kwao mashua hazikuuzwa. Wakafunga safari kwa miguu, na watoto wao, mpaka nchi ya jirani ufukweni mwa ziwa hilo hilo, kwenye yadi ya Mzee Ngiri, muuza mashua za mtumba. Walibeba gunia moja la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Ndiyo mali yao yote, na ndicho chakula cha kuanzia maisha mapya.

Huyu Ngiri alikuwa mnene, pembe za meno zimemtoka nje ya mdomo, na alikuwa na sifa ya ucha Mungu. Kisa? Kila aliyefika alimkuta amepiga magoti. Watu wa kule hawakujua kwamba ngiri hupiga magoti akila, na yeye alikula kutwa. Basi wakawa wanasema, "Mzee huyu anasali mno! Hawezi kumdhulumu mtu." Hata waliouziwa mashua wakarudi wamelowa, walijilaumu wenyewe.

"Karibu, kijana wangu," akasema Ngiri. "Hii hapa, ya tanga. Mwenyewe wa kwanza alikuwa bibi mmoja, alikuwa akiipanda sikukuu tu."

"Naomba niikague, mzee."

"Gunia kwanza, macho baadaye."

Pimbi akatoa gunia. Ngiri akapiga magoti. Krach, krach, krach.

"Anatuombea dua," akanong'ona Mama Segu.

Pimbi akaingia kwenye mashua, akagonga mbao. Ko, ko, ko. Nzima. Akasogea. Ko, ko, ko. Nzima. Akasogea katikati. Ko, ko, pwe! Akainama. Msafara wa sisimizi ulikuwa unapita pale pale. Sisimizi na mbao wapi na wapi? Pimbi akakwangua, akaonja. Ugali! Tundu kubwa limezibwa kwa ugali na kupakwa rangi.

"Mzee wangu, nirudishie gunia langu."

Ngiri akanyanyua uso, meno yakang'aa. "Mauziano yameisha. Ondoa chombo chako kwenye yadi yangu."

Mama Segu akaanza kulia. Chakula kimekwenda, majini ni kuzama, na nyumbani yupo Tai. Watu walikuwa wamejaa ufukweni kutazama, lakini mgeni angemshtaki nani kwao? Mzee wa magoti?

Pimbi akafuta uso. Halafu akatabasamu. Akapaza sauti kila mtu asikie:

"Basi sisi tunaondoka, mzee wetu. Utatusindikiza mpaka wapi?"

Mnajua wenyewe mambo ya mgeni. Akiondoka, unamsindikiza. Usipomsindikiza, jina lako linaharibika kabla hajafika njia panda.

"Nitawasindikiza kwa macho," akasema Ngiri.

"Kwa macho!" watu wakaguna.

"Magoti yananiuma."

"Ndiyo maana tutakukalisha, mzee," akasema Pimbi. "Kwenye mashua kuna nafasi."

"Msindikize! Msindikize!" watu wakapiga kelele, wengine wakaanza kumsukuma kwa heshima. Ngiri angesemaje? Kwamba mashua yake ni mbovu? Akapanda. Na gunia akapanda nalo, maana uchoyo haukumruhusu kuliacha mbele ya macho ya watu.

Tanga likajaa upepo, puuu! Hawajafika mbali, ugali ukalowa, ukalegea, ukachomoka, chubwi! Maji yakaruka, chwiiii! Ngiri, asiyejua kuogelea hata kwenye dimbwi, akaruka akakalia tundu, puh! Maji yakakatika. Ila mkia wake ukapenya tunduni, ukaning'inia ziwani.

"Umekaa vizuri, mzee?"

"Vizuri sana, kijana wangu."

Akaja samaki. Dona!

"Ih!"

"Kuna nini, mzee?"

"Namshukuru Mungu tu."

Akaja samaki wa pili. Dona, dona!

"Iiih!"

"Simama unyooshe miguu, mzee."

"Sisimami! Geuza turudi, nimeshawasindikiza!"

"Ah, mzee, yadi yako bado inaonekana. Watu watasema umetuagia mlangoni."

Akaja kambale na ukoo wake wote. Dona, dona, dona!

"Iiiiiih!"

"Mzee huyu anashukuru kwelikweli," akasema Mama Segu, na akacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya Tai.

Wakafika kisiwani. Pimbi akaruka, Mama Segu akaruka, watoto wakaruka, tu, tu, tu. Ngiri akabaki amekaa.

"Nirudisheni kwangu!"

"Sisi tumefika, mzee. Na mashua ni yetu, tutafugia kuku."

"Basi niuzieni!"

Pimbi akaizunguka mashua taratibu, akaigonga kwa nje. Ko, ko, ko. "Ni kitu kizuri hiki. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mzee mmoja mcha Mungu."

"Bei yake?"

"Gunia."

Ngiri akalitazama gunia. Akayatazama maji. Akalisukuma gunia nchi kavu, machozi yakimtoka kwelikweli.

"Tungekusindikiza," akasema Pimbi akiisukuma mashua kwa mguu, "lakini umeijaza peke yako."

Upepo ukageuka, ukamrudisha kwake. Dona, iih! Dona, iih! Ufukweni watu wote walikuwa wanangoja. "Simama, mzee, utusimulie safari!" Hakusimama. Wakamshika mikono, wakamvuta, pwap! Maji yakafoka, tundu likaonekana, na wote waliowahi kuuziwa mashua pale wakatazamana. Ngiri hakungoja salamu. Alitimua mbio, mkia juu wima ili chochote kisiudone tena, na hadi leo ngiri akikimbia, mkia juu.

Kule kisiwani Mama Segu alianika michembe juu ya jiwe. Watoto wakatoka kuota jua. Kwa mazoea akatazama juu. Hakuna kitu. Akatazama tena. Kisha akalala chali kati ya watoto wake, akafumba macho.

Nami hadithi yangu naishusha hapa, nimeibeba vya kutosha. Wa kuipokea nani?
— Sisi!

Mnataka na funzo? Lipo, msinitolee macho. Wanangu, mkienda kununua mashua ya mtumba kwenye nchi za watu, msipoteze muda kugonga mbao. Kagueni makalio ya muuzaji. Yakiwa mapana, lipeni mara moja.